Kulichunga jicho lenye kasoro ya kuzaliwa kwenye diski: mwongozo kwa familia za Mtwara na Lindi

Kwenye daftari la kliniki ya macho, kati ya vipimo vya kuona na tarehe ya kurudi, wakati mwingine huwa kuna mstari mmoja mfupi unaosema kwamba diski ya jicho la kulia au la kushoto ina kishimo, ina pengo, au ina umbo la ua. Mgonjwa huelezwa kwamba ni kasoro ya kuzaliwa, kwamba haina dawa, na kwamba arudi baada ya mwaka. Maelezo hayo matatu ni ya kweli, lakini yameliacha la nne, na hilo ndilo lililonifanya mimi, muuguzi wa macho wa huku kusini, niandike mwongozo huu. Retina ya jicho la namna hiyo inaweza kubanduka, tena kwa njia ya kimya kuliko ile ambayo watu wengi wameisikia, na mtu wa kwanza anayeweza kuligundua jambo hilo si daktari bali ni mwenye jicho au mzazi wake, endapo amefundishwa cha kuangalia.

Retina ni utando mwembamba sana uliotandazwa kwenye ukuta wa ndani wa jicho, upande wa nyuma, na kazi yake ni kuupokea mwanga na kuugeuza kuwa habari ambayo ubongo unaweza kuisoma. Diski ni ile sehemu ya duara ambapo nyuzi za fahamu kutoka retina nzima, zaidi ya milioni moja, hukusanyika na kutoka nje ya jicho kuelekea kwenye ubongo. Anayeijua nyumba ya fito na udongo iliyopigwa lipu ataelewa haraka: maji ya mvua yakipata upenyo na kuingia nyuma ya lipu, lipu huvimba na kuachana na ukuta, na kwa mbali utadhani bado iko mahali pake. Retina nayo, maji yakiingia nyuma yake, huachana na ukuta unaoilisha, na isiporudishwa mapema huanza kufa.

Kasoro zenyewe hutokea mtoto akiwa tumboni. Jicho huanza likiwa kama kikombe chenye mwanya upande wa chini, na mwanya huo hutakiwa kujifunga kati ya wiki ya 5 na ya 7 ya ujauzito. Usipojifunga vizuri hubaki pengo ambalo madaktari huliita koloboma, na pengo hilo laweza kuishia kwenye diski peke yake au kushuka hadi kwenye retina na hata kwenye kiini cheusi cha jicho, ambacho hapo huonekana kama tundu la kufuli. Kishimo ni kitu kidogo zaidi, tundu la rangi ya kijivu kwenye diski, mara nyingi upande ulioelekea sikio. Kilielezwa kwa mara ya kwanza na Wiethe mwaka 1882, na hukadiriwa kuwapata watu kama 1 kati ya 11,000. Kasoro ya tatu ilipewa jina na Kindler mwaka 1970, kwa sababu diski yake pana yenye shimo katikati na mishipa ya damu iliyotawanyika kama miale ilimkumbusha ua la mtambaa linalochanua asubuhi. Ua hilo watu wa huku hawahitaji kulitafuta mbali, kwa kuwa mviazi kitamu unaotupa matembele ni wa jamii hiyohiyo ya mimea, na atakayechungulia ndani ya ua lake la umbo la faneli ataona karibu kile anachokiona daktari.

Naomba hapo niseme jambo moja kwa akina mama, maana nimewaona wengi wakiulizwa walikula nini au walivuka mwiko gani. Mwanya huo hujifunga au hukosa kujifunga katika majuma ambayo wanawake wengi hata hawajajua kwamba ni wajawazito. Mara nyingi chanzo hakipatikani, na katika baadhi ya familia ni mabadiliko ya vinasaba. Haihusiani na samaki aliyeliwa wala na jirani aliyeudhiwa.

Kwa nini kubanduka huku ni kwa kimya

Watu waliowahi kusikia habari za kubanduka kwa retina wameambiwa wachunge mimweko kama ya radi pembeni mwa jicho, vidoa vingi vyeusi vinavyoelea kwa ghafla, na kivuli kama pazia kinachoshuka au kupanda. Dalili hizo ni za kweli kwa jicho ambalo retina yake imechanika, kwa sababu mpasuko huvutwa na ute wa ndani ya jicho, na mvuto huo ndio unaoleta mimweko. Katika jicho lenye kishimo au umbo la ua, kwa kawaida hakuna mpasuko wa namna hiyo. Maji hupita kwenye diski yenyewe. Wataalamu bado wanajadiliana kama maji hayo hutoka kwenye ute wa jicho, kwenye maji ya ubongo yanayozunguka mshipa wa fahamu, au kwenye mishipa ya damu inayovuja, na inawezekana majibu yakatofautiana kati ya jicho na jicho. Lililo muhimu kwa mgonjwa ni kwamba huanza nyuma, karibu na kitovu cha kuona, yaani sehemu ya katikati ya retina inayotuonyesha kile tunachokitazama, na hujikusanya polepole. Hakuna maumivu, hakuna wekundu, hakuna machozi, na mimweko huenda isiwepo kabisa.

Kinachokuwepo ni ukungu katikati ya kile unachokitazama, mistari iliyonyooka kuonekana imepinda, vitu kuonekana vidogo kuliko vilivyo, au rangi kupauka. Na kwa kuwa jicho la pili huwa zima kwa wagonjwa walio wengi, mtu anayetumia macho yote mawili haoni tofauti yoyote hadi siku atakapolifumba jicho zuri kwa bahati, akilenga kitu au akitoa kibanzi.

Koloboma kubwa iliyoshuka hadi kwenye retina ina njia yake. Ndani ya pengo hubaki utando mwepesi usio na kitu cha kuushikilia, nao ukichanika maji huingia kama katika jicho la kawaida. Mwenye koloboma ya aina hiyo achunge dalili zote, za mimweko na pazia pamoja na za ukungu wa katikati, na azichunge maisha yake yote.

Umri nao una maana yake. Wenye kishimo huwa wanaona vizuri utotoni, na maji hujitokeza zaidi kati ya umri wa miaka 20 na 40. Makadirio ya wanaopata tatizo hilo yanaanzia robo na kufika robo tatu ya wenye kishimo, kutegemea nani alihesabiwa. Wenye umbo la ua ni karibu theluthi moja wanaobandukwa na retina, na hao huweza kuanza wakiwa bado watoto wadogo, ambao hawawezi kueleza wanachokiona.

Kipimo cha nyumbani

Chukua daftari la hesabu lenye miraba, lile la wanafunzi wa shule ya msingi, na ukate ukurasa mmoja safi. Kwa rula na kalamu nyeusi, kazia mistari ya eneo la sentimita 10 kwa 10, kwa sababu miraba ya daftari imechapwa kwa wino hafifu ambao jicho dhaifu litaupoteza, kisha weka nukta katikati yenye ukubwa wa punje ya ulezi. Bandika karatasi ukutani mahali penye mwanga wa mchana, usawa wa macho yako ukiwa umekaa. Kaa umbali wa rula moja ya shule, yaani sentimita 30, ukiwa umevaa miwani yako ya kusomea kama unayo. Ziba jicho moja kwa kiganja kilichokunjwa kama kikombe, bila kulikandamiza, maana jicho lililokandamizwa huona ukungu kwa muda baada ya kuachiwa, na utajitia hofu bure.

Anza na jicho zuri, uone mistari inavyopaswa kuwa. Kisha lizibe hilo, uitazame nukta kwa jicho lenye kasoro bila kuhamisha macho, na ujiulize kama mistari yote imenyooka, kama kuna miraba iliyofutika, na kama kuna sehemu yenye kivuli. Siku ya kwanza, chora kwenye karatasi ya pili kile ulichokiona na uandike tarehe. Hatua hiyo watu huiruka, nami naiona kuwa ndiyo yenye thamani kuliko zote, kwa sababu jicho lenye kishimo au pengo huweza kuwa na doa lisiloona tangu kuzaliwa, na doa hilo si hatari mpya. Unalinganisha jicho na lenyewe la wiki iliyopita, hulilinganishi na jicho zima. Rudia mara moja kwa wiki, siku ileile, Ijumaa kabla ya kwenda msikitini au Jumapili kabla ya kanisa, ili isisahaulike.

Jicho ambalo uwezo wake ni mdogo mno kuona miraba, kama yalivyo macho mengi ya umbo la ua, lipimwe kwa tochi ya simu gizani. Mgonjwa atazame mbele, jicho zuri likiwa limezibwa vizuri, na msaidizi aiwashe tochi kutoka juu, chini, kulia na kushoto, akiuliza kila mara mwanga unatoka wapi. Maji nyuma ya retina hushuka chini kwa uzito wake, na kwa kuwa sehemu ya chini ya retina ndiyo inayoona vya juu, anayeanza kukosea mwanga wa juu ameshatoa habari nzito.

Kwa mtoto wa miaka minne au mitano, kipimo kigeuzwe mchezo. Bibi mmoja alinifundisha wa kwake: alimwaga choroko chache kwenye ungo, akamfunga mjukuu jicho zuri kwa kitambaa, akamwambia aziokote moja moja. Wiki zote mtoto alikuwa akiinamisha uso hadi karibu kugusa ungo, lakini alizipata. Siku alipoanza kupapasa kwa vidole kama mtu aliye gizani, bibi hakusubiri tarehe ya kliniki, na alikuwa sahihi.

Mtoto mchanga hana mchezo wa kuucheza, kwa hiyo mtazame usoni. Jicho linaloanza kukengeza, kilio kila jicho zuri linapofunikwa ilhali halii likifunikwa jingine, au kiini cheusi kinachong'aa cheupe kwenye picha iliyopigwa kwa mwanga wa simu, yote ni sababu ya kwenda hospitali ndani ya wiki hiyohiyo. Weupe huo unaweza kuwa retina iliyobanduka, unaweza kuwa mtoto wa jicho, na unaweza pia kuwa saratani ya retina ya watoto, ambayo huua isipowahiwa. Ni daktari aliyechungulia ndani ya jicho tu anayeweza kuyatenganisha hayo.

Msimu wa salfa

Katika mikoa yetu kuna jambo linalowapoteza wagonjwa na wahudumu pia. Kuanzia mwezi Juni mikorosho hupulizwa salfa, na kwa majuma kadhaa nusu ya wanaofika kliniki wana macho mekundu yanayowasha. Mwaka wangu wa kwanza kazini alikuja kijana mkulima akilalamika kwamba jicho moja lina ukungu. Nilimuuliza kama anapuliza salfa, akakubali, nikampa dawa ya matone na kumwambia arudi baada ya wiki mbili. Sikumziba jicho moja moja, wala sikuuliza kama jicho hilo liliwahi kuwa na tatizo. Alirudi baada ya miezi mitatu, minada ya korosho ikiwa imeshaanza, na alipochunguzwa kwa kupanuliwa kiini alikutwa na kishimo kwenye diski na maji chini ya kitovu cha kuona.

Tangu hapo natofautisha hivi. Salfa hushika macho yote mawili, huyafanya mekundu, huyawasha, huyatoa machozi, na huanza kutulia mtu akiosha uso na kukaa mbali na shamba. Jicho ambalo retina yake inabanduka ni jeupe, halina maumivu, ni moja, na kuliosha hakubadilishi chochote. Ukiwa na kasoro kwenye diski na ukungu ukaja katika msimu wa salfa, mwambie mhudumu kwanza habari ya diski, ndipo umwambie habari ya salfa.

Matone ya dukani hayawezi kuirudisha retina, na vilevile maziwa ya mama, maji ya majani na asali. Hayo ya mwisho huweza kuongeza kidonda juu ya kioo cha jicho, na daktari wa upasuaji atashindwa kuona ndani wakati anapohitaji sana kuona.

Kutafuta huduma

Dalili zikijitokeza, swali la kwanza ni haraka kiasi gani. Pazia, mimweko au vidoa vya ghafla ni jambo la siku hiyohiyo au kesho yake, kwa sababu retina iliyochanika inaweza kukivuka kitovu cha kuona ndani ya siku chache, na kikishabanduka matokeo hupungua. Ukungu wa katikati uliokuja polepole ni jambo la wiki hiyo. Si wa kukimbilia bodaboda usiku wa manane, lakini pia si wa kusubiri malipo ya korosho.

Zahanati na vituo vingi vya afya havina kifaa cha kuangalia nyuma ya jicho, na hakuna sababu ya kukaa huko zaidi ya muda wa kuandikiwa rufaa. Kinachotafutwa ni mtu anayeweza kupanua kiini na kuiona diski, na kwa hilo watu wa Mtwara huelekea Ligula au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini, wa Lindi mjini huelekea Sokoine, na wengi wa bara huanzia hospitali za misheni za Ndanda na Nyangao. Piga simu kwanza uulize siku ya kliniki ya macho. Dawa ya kupanua kiini hulifanya jicho lisipende mwanga na lione ukungu kwa saa kadhaa, kwa hiyo nenda na mtu, vaa kofia au kanga yenye kivuli, na usiendeshe pikipiki kurudi.

Hapo utafanyiwa ultrasaundi ya jicho, endapo ipo, ambayo huonyesha retina iliyoinuka hata pale kiini kinapokuwa cheupe. Upasuaji wa retina wenyewe hufanywa na madaktari bingwa wachache, na kwa mtu wa kusini maana yake kwa kawaida ni Dar es Salaam, Muhimbili au CCBRT, au KCMC kule Moshi. Usiondoke bila barua. Barua nzuri haihitaji kurasa, mfano wake ni huu: "Mvulana wa miaka 9. Jicho la kushoto lina diski ya umbo la ua tangu kuzaliwa. Mwezi Machi lilisoma 6/60, leo linahesabu vidole kwa mita 1. Ultrasaundi inaonyesha retina imebanduka upande wa nyuma. Jicho la kulia ni 6/6. Hajawahi kupigwa picha ya kichwa." Hapo 6/6 ni kuona kwa kawaida, na 6/60 ni kuona kwa mita 6 kile ambacho jicho zima hukiona kwa mita 60. Daktari wa Dar akiisoma hiyo anajua kasoro ni ya lini, mabadiliko ni ya lini, na jicho la pili likoje. Barua inayosema tu kwamba haoni vizuri humweka mgonjwa nyuma ya foleni ya mtoto wa jicho.

Kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 550 kwa barabara, na wakati wa masika ulizia hali ya njia kabla ya kukata tiketi, maana mwezi Mei mwaka 2024 mvua ziliikata barabara hiyo eneo la Somanga na abiria wakakwama. Uliza pia mapema bima inagharimia nini, kwa kuwa upasuaji wa retina una vifaa vya ziada ambavyo hulipiwa kando. Kisha kuna mjomba. Katika familia nyingi za Kimakonde, Kimakua na Kimwera mtoto hapelekwi kufanyiwa upasuaji mbali bila mjomba kuridhia, na nimeona siku kumi zikipotea kwa sababu mjomba alipata habari mtoto akiwa ameshafungiwa mizigo. Mpigieni simu siku ileile ya kliniki, na ikiwezekana mhudumu azungumze naye mwenyewe. Shikamoo moja na maelezo ya dakika tano humfanya awe wa kwanza kutoa nauli.

Vipimo vingine vya kuomba

Diski ilitengenezwa katika majuma yaleyale viungo vingine vilipokuwa vikitengenezwa, na kasoro yake wakati mwingine ina ndugu zake mwilini. Koloboma ya diski huweza kuandamana na figo ndogo au dhaifu, na kwa hiyo ni haki ya mgonjwa kuomba kipimo cha mkojo, cha damu cha kazi ya figo, kupimwa presha, na ultrasaundi ya tumbo. Koloboma iliyoambatana na matatizo ya moyo, masikio, pua au ukuaji inahitaji daktari wa watoto.

Umbo la ua linahitaji picha ya kichwa, MRI ikiwezekana, pamoja na mishipa ya damu ya ubongo. Kwa baadhi ya watoto hao mfupa wa chini ya ubongo huwa na tundu, na sehemu ya ubongo hushuka kupitia hapo hadi nyuma ya pua. Mtoto mwenye macho yaliyoachana sana, pua pana ya juu, mdomo uliopasuka, au anayekoroma na kupumua kwa mdomo, atiliwe shaka hiyo. Sentensi hii mzazi aikariri: nyama yoyote inayoonekana ndani ya pua ya mtoto huyo isikatwe wala isichunwe kipande kabla ya picha ya kichwa, kwa sababu inaweza isiwe nyama ya pua. Kwa wengine mishipa ya damu ya ubongo huwa imesinyaa, na udhaifu wa ghafla wa mkono, mguu au uso, hata ukiisha baada ya dakika chache, ni dharura. Mtoto anayebaki mfupi kuliko wenzake naye apimwe homoni.

Upasuaji na siku zinazofuata

Daktari huingiza vifaa vyembamba, chini ya milimita moja, kupitia weupe wa jicho, akautoa ute, akauachanisha na retina, na kulijaza jicho gesi au mafuta ya silikoni ili retina ilale tena ukutani. Baadhi huongeza leza kando ya diski, na wengine hufunika kishimo kwa kipande cha utando. Mbinu ni nyingi kwa sababu hakuna hata moja inayofanikiwa kila mara, na mgonjwa anapaswa kuambiwa hivyo kabla ya kutia sahihi. Katika macho haya gesi na mafuta yenyewe huweza kupenya kupitia kasoro na kuingia nyuma ya retina, na kuna wagonjwa ambao mafuta yaliwafika kwenye ubongo. Ndiyo sababu daktari bingwa anaweza kufikiri kwa muda mrefu, na wakati mwingine akashauri kusubiri huku akipima, hasa kwa kuwa maji ya baadhi ya vishimo hukauka yenyewe. Mkiambiwa msubiri, ombeni tarehe. Na mkubali kwamba jicho lililokuwa likisoma 6/60 kabla ya kubanduka halitasoma 6/6 baada ya kutengenezwa. Linalotafutwa ni lisififie zaidi ya pale lilipokuwa.

Aliyewekewa gesi hutakiwa kulala kifudifudi au kuinamisha uso kwa siku ambazo daktari atazitaja, ili povu lipande na kuisukuma retina. Hilo ni gumu kuliko upasuaji wenyewe. Kwa ndugu unakofikia Dar, omba godoro lililotandikwa chini badala ya kitanda cha kubanana na watoto, kunja kanga mbili ziwe kama kata ya kubebea ndoo, na uweke paji la uso juu yake ili pua ibaki wazi. Mchana kaa kwenye kigoda na ulaze paji la uso juu ya mto uliowekwa mezani. Mtoto awekewe simu yenye katuni sakafuni, naye atainama bila kushurutishwa.

Gesi ya SF6 huisha kwa takriban wiki 2, na ya C3F8 huweza kukaa wiki 6 hadi 8. Wakati wote huo ni marufuku kupanda ndege. Nalisisitiza kwa sababu ndugu wenye huruma hujichangisha wamkatie mgonjwa tiketi ya ndege hadi Mtwara ili asiumizwe na basi, na huruma hiyo inaweza kulipofusha jicho: hewa ikipungua mgandamizo huko juu, povu hupanuka, presha ya jicho hupanda, na damu hushindwa kuingia. Mwinuko wa ardhi nao una athari kwa kiasi chake. Mgonjwa anayeishi Newala au sehemu nyingine za juu za uwanda wa Makonde amwambie daktari kabla ya kuruhusiwa kwamba safari yake itaanza usawa wa bahari na kuishia mamia ya mita juu, na huenda akashauriwa abaki Mtwara mjini au Mikindani hadi povu liishe. Vilevile, akihitaji upasuaji mwingine wowote katika kipindi hicho, atangulie kusema kwamba jicho lina gesi, ili asipewe gesi ya usingizi ya naitrasi oksaidi. Kamba mkononi yenye kipande cha plasta kilichoandikwa "GESI JICHONI" na tarehe, inamsemea hata akiwa hajitambui.

Mafuta ya silikoni hayazuii ndege, lakini mara nyingi hutolewa baada ya miezi kadhaa. Bajeti ya safari ya pili iwekwe tangu mwanzo, maana wapo wanaorudi nyumbani, wakaona jicho limetulia, na wasirudi tena hadi presha ya jicho ipande. Maumivu makali, kichefuchefu au usaha baada ya upasuaji wowote ni vya kukimbiza hospitali siku hiyohiyo.

Jicho la pili

Mtoto ambaye retina yake imelala vizuri, au haijawahi kubanduka, anaweza bado kupata faida kwa kupimwa miwani na kuzibwa jicho zuri kwa saa chache kila siku, ili ubongo usilisahau jicho dhaifu. Kazi hiyo hulipa zaidi kabla ya umri wa miaka 7 au 8, na plasta ya jicho ivaliwe nyumbani mbele ya mtu mzima, isivaliwe njiani kuelekea shuleni kwenye barabara ya malori.

Jicho zuri nalo lina haki ya kulindwa kuliko jicho la mtu mwingine yeyote darasani. Mtoto avae miwani yenye lenzi za polikaboneti hata kama haina namba, na aivue akilala tu. Anapocheza mpira, anapookota korosho chini ya matawi, anapokaribia moto wa kubangulia ambapo maganda hurusha mafuta makali, miwani iwe usoni. Mwalimu aelezwe kwa barua fupi kwamba mtoto haoni upande mmoja, ili aketishwe kwenye dawati la upande ule ambao jicho lake zuri linaelekea ubao na wenzake, na asichapwe kwa kumgonga aliyepita upande asioouona. Ile karatasi ya miraba ibandikwe ndani ya mlango wa kabati, na tarehe ya kliniki inayofuata iandikwe juu yake kwa kalamu nyekundu.